Kumpokea mwanachuo wa nje shuleni: mwongozo kwa shule za Moshi na Arusha

Kuanzia Rau na Kiboriloni hadi Usa River na Ngaramtoni, shule nyingi hupokea wanachuo kutoka Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Norway, Uingereza na Marekani. Baadhi wanasomea ualimu na wanakuja kwa mafunzo kwa vitendo yanayohesabiwa chuoni kwao. Wengine ni mavolontia wa wiki chache. Mwongozo huu ni wa upande wa mwenyeji: mwalimu mkuu, mkuu wa shule, kamati au bodi, na familia itakayomlaza mgeni.

Msimamo wetu ni huu: kazi ipangwe na shule kabla mgeni hajakata tiketi, na iwe na mwalimu wa hapa anayeisimamia kama kazi yake mwenyewe. Mgeni akija kwanza halafu kazi ikatafutwa, ataishia kukaa ofisini, kupiga picha, au kushika darasa ambalo mwalimu wake kapata nafasi ya kwenda kwenye shughuli nyingine. Hasara yote hiyo huwaangukia watoto.

Anzeni na kalenda

Vyuo vya Ulaya na Marekani hufunga katikati ya mwaka, kwa hiyo maombi mengi huwa ya Juni, Julai na Agosti. Shule zetu nazo hufunga mapema Juni na kufunguliwa mwanzoni mwa Julai. Mwanachuo anayetua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, tarehe 5 Juni kwa wiki sita atakuta mageti yamefungwa kwa karibu wiki nne. Kosa hili linajirudia kila mwaka kwa sababu wakala wa huko hupanga kwa kalenda ya kwao na shule ya hapa haisemi hapana. Semeni hapana. Mpeni tarehe ya wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa. Wiki ya kwanza ya muhula ni ya usafi, ratiba na watoto wanaoendelea kuripoti, na hakuna mwalimu mwenye muda wa mgeni.

Tazameni na mitihani. Darasa la Saba hufanya mtihani wa taifa Septemba, kwa hiyo Julai na Agosti walimu wake wako kwenye majaribio na marudio. Msimweke mwanachuo huko. Mwekeni Darasa la Tatu hadi la Tano. Oktoba na Novemba kuna Darasa la Nne, Kidato cha Pili na Kidato cha Nne. Siku za mtihani wa taifa mgeni asionekane eneo la shule kabisa, hata kama anataka tu kuchukua daftari lake alilosahau. Na karibu na Nane Nane mkumbuke kwamba baadhi ya wanafunzi na walimu wa Arusha huitwa kwenye viwanja vya Themi, hivyo ratiba ya wiki hiyo huvurugika.

Kwa shule za sekondari, wakati wenye faida kuliko wote ni Januari hadi Machi, na ndio wakati ambao maombi ni machache. Watoto wa Kidato cha Kwanza waliotoka shule za msingi za serikali wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha ghafla biolojia na jiografia zinakuja kwa Kiingereza. Hapo mtu wa kuzungumza nao Kiingereza polepole kila siku ana thamani kubwa. Mkipata chuo kinachokubali kipindi hicho, kishikeni.

Aprili na Mei ni masika. Shule za juu kama Kibosho, Old Moshi na Meru zina barabara zinazoteleza, na mgeni anayekaa mjini atachelewa mara kwa mara. Akipangwa huko miezi hiyo, akae jirani na shule.

Miezi sita kabla: barua na ngazi zake

Barua ya kwanza itoke chuoni, yenye jina la mwanachuo, anachosoma, mwaka wake wa masomo, tarehe za kuja na kuondoka, na jina la mkufunzi anayemsimamia. Ulizeni mapema kama mafunzo haya yana alama. Yakiwa na alama, kuna fomu za tathmini ambazo mwalimu wenu atatakiwa kuzijaza, mara nyingi ndefu na za Kiingereza. Ombeni zitumwe kabla ili mwalimu azisome kwa utulivu, zisije zikaletwa siku ya mwisho gari likiwa linasubiri nje.

Kwa shule ya serikali, barua yenu hupita kwa Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu Msingi au Sekondari, hadi kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Angalieni mipaka: shule ya Kibosho iko Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, si Manispaa, Machame ni Hai, Usa River na Tengeru ni Meru, Ngaramtoni ni Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, si Jiji. Barua iliyopelekwa ofisi isiyo yake hulala kwenye faili na hakuna atakayewapigia simu kuwaambia. Shule binafsi haina ngazi zote hizi, lakini itoe taarifa kwa Afisa Elimu na kwa mtendaji wa kata, kwa maandishi, na ibaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Sasa vibali. Viza ya utalii, ile ya Dola 50 (Dola 100 kwa raia wa Marekani), haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya bure. Kujitolea shuleni ni kazi. Kibali cha ukaazi wanachopewa wanaojitolea, wanafunzi na watafiti ni cha daraja C, na kwa kazi za muda mfupi Uhamiaji ina utaratibu wake. Nendeni ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na barua ya shule, elezeni kazi na idadi ya siku, mwulize kinachotakiwa kwa mtu huyo, pamoja na kama anahitaji kibali cha Kamishna wa Kazi. Ada na fomu hubadilika, kwa hiyo msitegemee maelezo ya mgeni wa mwaka jana. Sheria ya ajira za wageni ya 2015 inamhusu pia anayempa mgeni kazi bila kibali, yaani shule. Wakala akiwaambia "wote huingia kama watalii", huyo anawawekea ninyi mzigo ambao hataubeba.

Jambo moja husahaulika sana: mwanachuo anayetaka kutumia dodoso, kuhoji watoto au kukusanya takwimu kwa ajili ya tasnifu anafanya utafiti, na utafiti unahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Barua ya kujitolea haitoshi.

Miezi mitatu kabla: hati za mgeni

Msipokee mtu yeyote bila hati ya polisi ya nchi yake inayoonyesha kama ana rekodi ya makosa. Kila nchi ina jina lake. Ujerumani ni Führungszeugnis, na kwa wanaofanya kazi na watoto kuna ya kina zaidi, erweitertes Führungszeugnis. Uholanzi ni VOG, Norway ni politiattest, Denmark ni straffeattest. Waingereza wanaokwenda kufanya kazi na watoto nje ya nchi huomba International Child Protection Certificate, na Wamarekani huomba rekodi yao FBI. Hati isizidi miezi sita tangu itolewe, na itumwe na chuo moja kwa moja. Hili si suala la kumwonea haya mgeni. Kwao hawezi kuingia darasani bila hati hiyo, na watoto wa Pasua au Sakina wanastahili ulinzi uleule.

Pamoja na hiyo, shule ibaki na nakala ya pasipoti (iwe na uhai wa miezi sita au zaidi tangu siku ya kuingia), namba za watu wawili wa kupigiwa simu kwao, na nakala ya bima. Someni bima yenyewe. Nyingi hazilipi ajali ya pikipiki, na nyingi zina kikomo cha urefu wa mlima. Mwanachuo anayepanga kupanda Kilimanjaro, mita 5,895, anahitaji bima inayotaja urefu huo, na safari hiyo ya siku tano hadi tisa iwekwe baada ya kazi kwisha. Akipanda katikati ya wiki zake, anarudi amechoka, na darasa alilolianzisha limeshasahau.

Anayetoka au kupitia nchi yenye homa ya manjano, kwa mfano akikaa zaidi ya saa 12 uwanja wa ndege wa Nairobi au Addis Ababa, aje na cheti cha chanjo. Mkumbusheni akiwa bado kwao.

Karatasi ya kazi

Hii ndiyo hati muhimu kuliko zote na shule chache huiandika. Iwe ukurasa mmoja: kazi ni nini, madarasa gani, vipindi vingapi kwa wiki, mwalimu mwenyeji ni nani, vifaa gani vipo na vipi havipo, na kitu gani kitabaki kinafanya kazi mgeni akishaondoka. Kifungu cha mwisho kikikosa jibu, badilisheni kazi.

Wapokeeni wawili wawili. Mmoja peke yake hupata upweke haraka. Watano au sita kwenye shule yenye walimu 15 wanakuwa msafara, na watoto hawasomi.

Mfano wa kwanza, mazungumzo ya Kiingereza Kidato cha Kwanza. Darasa lina wanafunzi 60 na kipindi ni dakika 40. Wanachuo wawili, kila mmoja anachukua kundi la wanafunzi 15 na kukaa nalo chini ya mti kwa dakika 20, huku mwalimu akiendelea na 30 waliobaki darasani. Kisha wanabadilishana. Kipindi kikiisha, wote 60 wameongea, jambo ambalo mwalimu mmoja hawezi kulifanya hata awe hodari vipi. Mada itoke kwa mwalimu, na iwe ileile anayofundisha wiki hiyo: wakisoma sehemu za mmea, waongee sehemu za mmea. Mada za majira ya theluji na wanyama wa kufugwa ndani hazimsaidii mtoto kwenye mtihani wala kwenye somo la kesho. Mwambieni mwanachuo aongee polepole, aandike maneno mapya ubaoni kwa herufi kubwa, matano hadi saba kwa kipindi, na awasahihishe bila kuwakatiza. Tatizo la kwanza litakuwa lafudhi. Watoto watatabasamu na kusema "yes" wakiwa hawajaelewa. Dawa yake ni kumfanya kila mtoto arudie jambo kwa maneno yake, si kuuliza "mmeelewa?"

Wiki mbili kabla ya kuondoka, mwalimu afundishe viongozi wa makundi, wanafunzi wanne kwa kila darasa, waendeshe mazungumzo hayo wenyewe. Bila hatua hii mradi unakufa siku ya kuagana.

Mfano wa pili, maktaba ya darasa katika shule ya msingi. Tuseme kuna vitabu 300. Kila kitabu kigongwe mhuri, kiandikwe namba, kiingizwe kwenye daftari la vitabu, na kifunikwe jalada la plastiki gumu. Kwa watu wawili wanaoshirikiana ni kama dakika nne kwa kitabu, yaani saa 20. Wakifanya saa nne kwa siku ni siku tano. Wengi hukadiria siku moja, halafu wanakimbizana na kuruka daftari, na baada ya mwezi hakuna anayejua kitabu gani kiko wapi. Siku zinazobaki zitumike kufundisha wanafunzi wanane wa Darasa la Tano kuazimisha na kupokea.

Kuhusu vitabu vyenyewe, ni heri hadithi 100 za Kiswahili zilizonunuliwa hapahapa kuliko masanduku matatu ya vitabu vya Kiingereza kutoka nje. Mtoto wa Darasa la Tatu katika shule inayofundisha kwa Kiswahili hataweza kuvisoma, na mwalimu ataogopa visichafuke, kwa hiyo vitaingia kabatini na ufunguo utakaa ofisini. Chuo kikiuliza kilete nini, jibuni kwamba kichangie fedha za vitabu vya hapa, na orodha itoke kwa mwalimu wa Kiswahili.

Kompyuta zilizotumika ni vivyo hivyo. Kabla ya kukubali kumi, ulizeni TRA kuhusu ushuru, hesabuni soketi zilizopo, na mtaje jina la mtu wa hapa atakayezitengeneza.

Kazi za kukataa: kushika darasa peke yake badala ya mwalimu, kusahihisha mitihani inayoingia kwenye rekodi, kutibu au kuchoma sindano, na kujenga. Hili la mwisho huwaudhi wageni kwa kuwa wanapenda kushika koleo. Lakini fundi wa Majengo hupandisha ukuta kwa siku moja na ukasimama wima, na yeye ana familia inayoitegemea kazi hiyo. Wanaotaka darasa lijengwe wachangie saruji na ufundi. Wao wafanye walichosomea.

Mwalimu mwenyeji

Mteueni mwalimu anayefundisha somo hilo na aliyekubali mwenyewe. Kumsimamia mwanachuo ipasavyo kunachukua saa tatu na nusu kwa wiki: nusu saa kila siku kupitia andalio la somo, na saa moja Ijumaa kuzungumza yaliyokwenda vizuri na yaliyokwama. Muda huo utoke mahali fulani. Mpunguzieni zamu au vipindi viwili. Mkuu akimpa mwalimu mzigo huu juu ya mingine yote, mwalimu atafanya la busara kwake: atamwachia mgeni darasa na kwenda kusahihisha madaftari.

Na kama chuo kinatoa posho ya usimamizi, ifike kwa mwalimu huyo, isainiwe, na walimu wenzake wajue kiasi. Minong'ono ya chumba cha walimu huvunja mipango mizuri kuliko ukosefu wa vifaa.

Ulinzi wa watoto

Masharti haya yaandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, mgeni asaini siku ya kwanza, na walimu wote wayajue:

- Mgeni hakai na mtoto mahali pasipoonekana. Mlango uwe wazi, au awepo mtu mzima mwingine.
- Hampeleki mtoto nyumbani anakolala, mjini, wala safarini.
- Hambadilishii nguo mtoto wala hamwogeshi.
- Hachukui namba ya simu ya mwanafunzi wala kuwasiliana naye mitandaoni, hata baada ya kurudi kwao.
- Picha ya mtoto haipigwi bila idhini ya shule na mzazi, na haiwekwi mtandaoni ikiwa na jina, sare inayotaja shule, au maelezo ya shida zake.

Sharti la picha ndilo linalovunjwa zaidi, mara nyingi kwa nia njema. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, shule haiwezi kusema haikujua. Njia inayofanya kazi ni kutenga siku moja, wiki ya mwisho, ambapo shule yenyewe inachagua watoto wenye idhini na picha zinapigwa mwalimu akiwepo. Siku nyingine zote simu ibaki kwenye mkoba.

Yakitokea ya kutia shaka, anayeona aseme kwa mkuu siku hiyohiyo. Mkuu apeleke kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba ya simu ya msaada kwa mtoto, 116, ni ya bure na ibandikwe mahali watoto wanapopita.

Wanachuo wengi wataomba pia siku mbili kwa wiki kwenye kituo cha kulelea watoto yatima. Tunashauri mkatae kuwaunganisha. Mtoto asiye na mlezi wa kudumu hujishikiza kwa kila mgeni anayemkumbatia, na kila baada ya wiki nne anaachwa tena. Pia mahali ambapo wageni huleta fedha, hushawishika mtu kuwaweka kituoni watoto wenye ndugu wanaoweza kuwalea. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaja madhara haya katika azimio lake kuhusu haki za mtoto. Anayetaka kuwasaidia watoto hao ashirikiane na ustawi wa jamii kuwarudisha na kuwategemeza kwenye familia.

Malazi

Familia ya mwenyeji itoe chumba chenye kufuli, chandarua, kitanda na meza. Fedha ya chakula na malazi ilipwe kila wiki mkononi mwa mama mwenye nyumba, kwa risiti. Kama kuna wakala katikati, mwombeni aandike anatoza kiasi gani kwa wiki na familia inapata kiasi gani. Asiyekubali kuandika, mwacheni.

Maji yanahitaji maelezo. Miteremko ya Mlima Meru, pamoja na sehemu za Arusha, ina floraidi nyingi ardhini, ndiyo maana watu wengi waliokulia huko wana meno ya kahawia. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani floraidi inazidi. Wiki chache hazimdhuru mtu mzima, ila mgeni aelezwe, na wa kukaa miezi anywe maji ya chupa au yaliyosafishwa.

Arusha iko juu, karibu mita 1,400, na malaria ni kidogo. Moshi iko chini zaidi, na kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini mbu ni wengi. Homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo, hospitali ya Mawenzi au KCMC kwa Moshi, hospitali ya Mount Meru kwa Arusha. Akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha aende hospitali bila kusubiri kesho.

Hatari kubwa zaidi ni barabarani. Mgeni apande daladala au bajaji, na baada ya giza teksi ya mtu anayejulikana na familia. Bodaboda wala asipande.

Mwambieni aje na sweta kama ni Juni hadi Agosti, hasa Arusha. Wengi huja na kaptula pekee wakidhani Afrika yote ni joto. Darasani, sketi ipite magoti na suruali iwe ya heshima. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, hivyo aiache kwao. Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, aende mwenyewe na mwenyeji.

Wiki ya kwanza

Siku ya kwanza mwenyeji ampeleke kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na kwa mtendaji kujitambulisha. Ni dakika 20 zinazookoa maswali mengi. Shuleni atambulishwe paredi kwa jina lake na aitwe mwalimu au madam kama wengine. "Mzungu" si jina la kuitwa darasani.

Afundishwe saa mapema. Ukimwambia kikao ni saa mbili, ataandika saa mbili za kwao, na atatokea saa nane mchana. Kwa wiki nzima ya kwanza andikeni muda kwa namna zote mbili. Afundishwe pia kusalimia: anapoingia ofisini asalimie kwanza, hata kama ana haraka ya chaki, na shikamoo kwa wakubwa.

Siku tatu za mwanzo akae nyuma ya darasa na kuandika: wanafunzi wangapi kwa dawati, vitabu vingapi, nani haongei, mwalimu anatumia mbinu gani kuwashika watoto 60. Siku ya nne aanze kusaidia kundi moja. Kufundisha pamoja na mwalimu kuanze wiki ya pili au ya tatu, kwa andalio lililosainiwa na linalofuata azimio la kazi. Mwanachuo wa ualimu atakuwa na hamu ya kuonyesha mbinu mpya siku ya pili. Mzuieni kwa upole. Michezo na makundi aliyojifunzia darasa la watoto 22 yanamshinda kwenye 60, na akishindwa mbele ya watoto, kuwarudisha kwenye utulivu ni kazi ya mwezi.

Suala la viboko

Liongelewe kabla hajafika, kwenye simu na chuo, kwa kuwa ndilo linalovunja uhusiano mara nyingi. Kwao, isipokuwa baadhi ya majimbo ya Marekani, adhabu hiyo imekatazwa shuleni. Hapa kanuni zinairuhusu kwa masharti: mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu, viboko visizidi vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Shule iseme wazi ilivyo kwake. Sharti lisilo na mjadala ni kwamba mgeni hachapi mtoto kamwe, na mtoto hachapwi kwa kosa lililotokea kwenye kipindi cha mgeni. Mgeni akiona kinachomsumbua amwone mkuu ofisini, asibishane na mwalimu mbele ya wanafunzi na asirekodi. Kwa upande wetu, shule inayotaka kupokea wageni wa aina hii itafaidika ikilichukulia suala hili kama nafasi ya walimu kujaribu njia nyingine za nidhamu katika madarasa yanayohusika, na kulinganisha matokeo wao wenyewe.

Fedha na zawadi

Kila mchango upite akaunti ya shule, upewe risiti, na usomwe kwenye kikao cha kamati na kuingia kwenye muhtasari. Mgeni asimlipie ada mtoto mmoja mmoja kwa mkono wake. Mtoto huyo atatengwa na wenzake, na wazazi wengine watamfuata mgeni nyumbani jioni. Asiahidi chochote mbele ya watoto, hata mpira. Mwenye peremende agawe kwa wote kupitia mwalimu, au asigawe.

Kuondoka

Wiki mbili kabla, kaeni na karatasi ya kazi na msome kifungu cha mwisho: nini kitabaki, na nani ana ufunguo. Mwanachuo aonyeshe kila alichoanzisha kwa mwalimu mwenyeji, kisha siku tano za mwisho mwalimu aendeshe na mgeni atazame. Watoto waambiwe tarehe ya kuondoka mapema, si asubuhi ya siku yenyewe.

Fomu za chuo zijazwe na mwalimu mwenyeji kwa ukweli. Aliyekuwa akichelewa, aandikwe alichelewa. Mkufunzi wake anahitaji kujua. Nanyi ombeni chuo kipokee tathmini yenu ya jinsi kilivyomwandaa. Nakala ya taarifa, ukurasa mmoja au miwili, iende kwa Afisa Elimu aliyetoa ruhusa, ndani ya wiki mbili. Muhula wa pili ukielekea kufungwa, mwezi mmoja baada ya kundi la Oktoba kuondoka, mwalimu wa taaluma ahesabu vitabu vilivyoazimwa kwenye daftari na makundi ya mazungumzo yaliyokutana. Idadi hizo ndizo zitakazowekwa kwenye barua ya kuomba, au kukataa, kundi la Januari.